Kibanio Kimoja, Nguo Mbili

“Si mmoja, Mama Pasi. Wawili.”

Mke wa fundi viatu alisema hivyo huku akiipapasa suruali ya mumewe, anatafuta doa la kulalamikia.

“Wawili nini?”

“Wanaume. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Binti yako anaingia nao mlango mmoja, anatoka nao mlango mmoja. Mimi sisemi kitu. Nasema nilichoambiwa.”

“Umeambiwa na nani?”

“Na watu.”

“Watu wana majina.”

“Haya, wewe nawe! Ukiona moshi unauliza jina la kuni?”

Mama Pasi alikuwa dobi, akifua na kupiga pasi nguo za watu. Pasi yake ilikuwa mkononi, imejaa makaa mekundu, na mezani limetandazwa shati jeupe la karani mmoja mwenye maneno mengi. Aliisukuma pasi mpaka kwenye kiwiko cha shati, akaigeuza, akairudisha. “Binti yangu amehamia na wenzake wa kazini,” alisema. “Kaniambia mwenyewe kwenye simu.”

“Basi ndio hao,” alisema mke wa fundi viatu. Doa hakuliona. Akaikunja suruali, akaaga vizuri, akaenda zake mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Mzigo aliuacha pale.

Uvumi ukishaingia sikioni mwa mzazi hautoki kwa kutikisa kichwa. Mama Pasi alijaribu. Alijiambia watu wana wivu. Alijiambia binti yake, aliyeitwa Chiriku tangu alipoanza kusema kwa sababu hakunyamaza tena, hawezi kuficha jambo. Mdomo wake hauna kifuniko. Alilala na uvumi ule ubavu wa kulia, akageuka, akaukuta ubavu wa kushoto umemtangulia. Kesho yake akaiweka pasi juu ya blauzi ya mteja, akawaza: mmoja mrefu, mmoja mfupi. Alipokuja kushtuka, harufu ilikuwa imeshajaa chumba. Mama Pasi, ambaye watu walimsifia kwamba pasi yake ina macho, alikuwa ameunguza nguo ya watu.

Akayamwaga makaa uani, akajitanda mtandio, akatoka.

Hapa lazima ielezwe alichokuwa anaogopa, maana wapo watakaosema mama huyu alikuwa na gubu tu. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mchukuzi ghalani, akafa Chiriku akiwa bado ananyonya kidole, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti chake, hata wa kuja kuziba ufa wa ukuta. Aliuziba mwenyewe. Dobi mwanamke anaishi kwa jina lake. Watu wanampa shuka zao, nguo zao za ndani, mifuko ambayo hawakukumbuka kuikagua, kwa sababu wanaujua mkono wake na wanaujua mdomo wake. Kwa jina hilo alimlea mtoto mmoja tu. Kwa hiyo kilichomtoa nyumbani hakikuwa maneno ya watu. Aliogopa kwamba mtoto wake amekwisha kuwa mke wa mtu huko, bila kuposwa, bila kuulizwa, anafua na kupika kwa ahadi, na siku atakapochokwa atarudi na mfuko mmoja wa plastiki. Alikuwa amewaona wasichana wa hivyo. Alikuwa amewafulia.

Nyumba ilikuwa nyuma ya safu ya maduka ya rangi na misumari. Geti la bati lilikuwa limerudishwa tu. Hakubisha hodi, anayekuja kufumania habishi.

Uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na jiwe la kufulia, ndoo, na kamba ya kuanikia iliyotoka nguzo ya geti mpaka dirisha la jiko. Mama Pasi akasimama mbele ya kamba ile kama wengine wanavyosimama mbele ya gazeti lililobandikwa ukutani.

Aliliona gauni la Chiriku la maua. Aliiona sketi ya msichana mwingine. Suruali mbili za kiume, moja ndefu kana kwamba fundi alisahau kukata, moja fupi na pana. Halafu mashati. Na mashati yale yalikuwa yamegeuzwa ndani nje, kola chini, kifungo cha juu kimefungwa ili kola isijikunje, na mifuko ya suruali imevutwa nje kama ndimi. Hakuna mtu mwingine mjini aliyeanika hivyo. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, aliomrithisha mtoto wake.

Lakini si hilo lililomshtua zaidi. Madobi wana sheria yao. Nguo za nyumba moja huweza kushikana, upindo wa hii juu ya upindo wa ile, kibanio kimoja katikati, ili vibanio vitoshe. Nguo za nyumba mbili haziguswi. La sivyo shati la huyu litaishia kwa mke wa yule, na dobi atafute kazi nyingine. Chiriku hakuwahi kuchapwa vidole kwa kosa jingine lolote utotoni, ila hilo. Na pale, upindo wa gauni la maua ulikuwa juu ya upindo wa shati la kiume, na kibanio kimoja kimezishika zote mbili.

Kwa dobi, hiyo ni ndoa. Haingojei shahidi.

Alilivuta shati. Kibanio kikaruka, gauni likaanguka vumbini.

“Shikamoo, mama. Hilo bado bichi.”

Mwanamume mfupi alikuwa amesimama mlangoni na beseni, povu limempanda mpaka viwikoni. Mikono yenyewe minene, ya mtu wa kazi nzito. Mama Pasi hakuitikia. Mtu mzima kuiacha shikamoo ianguke chini si jambo dogo. Alijua, akaiacha ianguke.

“Shati hili la nani?”

“Langu.”

“Amelifua nani?”

Kijana akaitazama mikono yake, akafungua mdomo. Lakini alikuwa mzito wa maneno, wenzake wakamwita Bubu, na Mama Pasi hakuwa na nafasi ya kungoja.

“Chiriku! We Chiriku! Toka nje nikuone!”

Wakatoka wote. Mbele Chiriku, hajavua sare ya duka la mikate. Nyuma yake msichana waliyekuwa wakimwita Msusi kwa kuwa aliwasuka wenzake wa dukani, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele. Na mwisho kijana mmoja aliyelazimika kuinama ili mlango umpitishe, mwiko mkononi unadondosha mchuzi. Huyo aliendesha gari la mikate, na jina lake mle ndani lilikuwa Ngazi.

“Mama! Mbona hukusema unakuja?”

“Ningesema ungewaficha wapi? Huyu mfupi angeingia kabatini. Huyu je? Mngemkunja?”

Msusi alicheka puani, akajibana.

“Mama, tafadhali, punguza sauti.”

“Nipunguze! Nani alinipunguzia mimi? Habari zako naletewa pamoja na nguo chafu za watu! Yupi kati ya hawa ndiye unayemfulia?”

“Simfulii mtu!”

“Usinifundishe kusoma kamba! Kola chini, kifungo cha juu, hivi ameanika nani?”

“Mimi,” alisema Bubu.

Mwiko wa Ngazi ulidondosha tone jingine.

“Mimi ndiye ninayefua, mama. Za wote. Kazini nakanda unga, kufua naona kama kupumzika. Kuanika alinionyesha yeye.” Akainama, akaliokota gauni, akalikung’uta. “Vibanio vilikuwa vichache.”

Mama Pasi alilitazama shati mkononi mwake. Lilikuwa limekamuliwa vizuri, pengine kuliko ambavyo Chiriku angeweza. Aibu ilimpanda, na kwa kuwa hakutaka ionekane aliongeza sauti. “Na kulala? Kulala nako mmepangiana zamu?”

“Mama!” Chiriku alimshika mkono. “Sisi chumba kile, wao chumba kile, sebule iko katikati. Njoo uone, lakini nakuomba, usipige kelele. Mwenye nyumba yuko hapo ng’ambo ya ukuta, akisikia…”

Alikuwa ameshasikia. Funguo zililia getini.

Mama Pasi alikuwa amemjua mtoto wake akiwa na homa, akiwa na njaa, akiwa amefeli mtihani. Uso ule wa siku hiyo hakuwahi kuuona. Chiriku alimvuta sikio karibu, akasema haraka, maneno yanakanyagana.

“Hapangishi wasichana na wavulana pamoja. Nilimwambia sisi ni ndugu. Mama mmoja.”

“Mama yupi?”

“Wewe.”

“Mimi!”

“Mama, kule tulikokuwa mimi na Msusi, kuna mtu alikuwa anakuja kujaribu komeo. Kila tukizima taa. Tulikuwa tunalala zamu, huyu analala, huyu anakaa na kisu cha mkate. Sikukwambia usije ukafa kwa wasiwasi. Kile chumba kimeshapata mpangaji mwingine. Hatuna pa kurudi.”

Geti likasukumwa.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, msafi, funguo zake amezifunga kwenye kamba na kuzivaa shingoni, ndiyo maana wapangaji wakamwita Mama Funguo. Alimwangalia kila mmoja, kisha akaliangalia lile shati bichi mikononi mwa mgeni.

“Nimesikia kelele. Hapa kwangu hapapigwi kelele.”

“Ni mama,” alisema Chiriku. “Mama yetu. Amekuja kutuona.”

“Ahaa!” Uso wa mwenye nyumba ukafunguka, akanyoosha mkono. “Karibu, dada. Nilikuwa natamani kukuona. Maana hawa watoto wako, nisikufiche, wananikosesha usingizi. Nawatazama pale dirishani kwangu. Huyu mrefu, huyu kama kinu. Huyu binti mweusi ti, huyu maji ya kunde. Masikio hayalingani, pua hazilingani. Nikamuuliza huyu mwenye maneno mengi habari za baba yao, akaniimbia habari za bei ya unga.” Alicheka, lakini macho hayakucheka. “Nyumba hii ilishanitia aibu mara moja. Niliapa. Familia moja, au ikae tupu na panya. Sasa niambie wewe mtu mzima mwenzangu, nitakuamini. Hawa wanne umewazaa wewe?”

Mkono wa Mama Pasi ulikuwa bado ndani ya mkono wa yule mama.

Angeweza kusema hapana. Kusema kweli ndiko alikojua. Ndiko kulikomlisha miaka yote. Angesema hapana, na watoto wa watu wangefungasha magodoro yao jioni ile, na Chiriku angerudi nyumbani kwa heshima zote, afanye kazi gani, na mpaka lini? Au asirudi, maana alikuwa mtu mzima. Apate chumba kingine, chenye komeo jingine. Alimtazama Msusi. Msichana yule alikuwa ametoa kitana kwenye nywele, amekishika kifuani kwa mikono miwili, na kidole gumba kilikuwa na kovu jipya la kisu.

“Ni wangu,” alisema.

“Wote?”

“Wote.”

“Mbona hawafanani hata ukucha?”

Chiriku alifungua mdomo, na safari hii mama yake ndiye aliyemziba kwa jicho. Uongo wa mtoto ulikuwa na tundu, na kila mtu pale uani alikuwa analichungulia. Nguo yenye tundu haifunikwi kwa kuikunja. Inatiwa kiraka, na kiraka hukatwa kwenye nguo nyingine, nzima.

“Watafananaje,” alisema Mama Pasi polepole, “na kila mmoja ana baba yake?”

Maji yalidondoka kutoka kwenye kamba, tp, tp, juu ya jiwe.

“Baba…?” mwenye nyumba aliuliza.

“Wanne. Hesabu vichwa.”

“Mama,” Chiriku alisema kwa sauti ya mtoto mdogo.

“Wewe nyamaza, naongea na mwenzangu.” Uso wake ulikuwa unawaka kama amelala juu ya meza yake ya pasi, lakini aliuinua. “Ndiyo maana hakukujibu, dada. Ni jambo gani la kumwambia mwenye nyumba mara ya kwanza? Mtoto anamfichia mama yake aibu. Ukitaka kulaumu, mimi hapa. Wao wameamua kukaa pamoja wasije wakapotezana kwa ajili yangu. Ni kosa?”

Mwenye nyumba aliuachia ule mkono. Aliuachia kidogo kidogo, kidole kwa kidole, kama anayeachia kitu asijue kina nini. Akarudi nyuma hatua, akajifuta kiganja kwenye sketi bila kujua kwamba anajifuta.

“Mimi si mtu wa kuhukumu,” alisema.

“Asante.”

“Kila mtu ana safari yake.”

“Ni kweli.”

“Angalau hukuwatawanya. Wengine wanawatawanya.” Alichomoa ufunguo mmoja kwenye kamba ya shingoni, ufunguo wa geti aliokuwa amewabania tangu wahamie, akatazama ampe nani. Hakumpa Mama Pasi. Aliuweka juu ya jiwe la kufulia. “Haya. Mkae kwa amani. Lakini nitakuwa napita. Na wewe, dada, ukija kuwaona, ni vizuri ukija peke yako.”

Alitoka. Geti likajifunga, na muda si muda sauti yake ikapanda ng’ambo ya ukuta, anapiga simu: “Shoga, keti kwanza. Umeketi? Keti.”

Ngazi ndiye aliyeanza kucheka. Alikunja midomo, mabega yakatetemeka, akaegemea mlango. Mama Pasi akamtazama, akaacha hapo hapo. Msusi alikuwa analia bila sauti, hajui afute machozi au aendelee kushika kitana.

“Mama, kwa nini umesema vile?” Chiriku aliuliza. “Ungesema ulitulea. Ungesema wa dada yako. Yule anamjua kila mtu! Kesho wateja wako wote… Na baba je? Baba angekusikia?”

“Baba yako alinijua.”

Alikwenda kwenye kamba, akaligeuza lile shati, akaliweka mahali pake, akatafuta kibanio chini, akakipata. Kisha akamgeukia Bubu, ambaye alikuwa bado amekumbatia gauni lenye vumbi.

“Marahaba,” alimwambia.

Kijana akainamisha kichwa. Wakaingia ndani. Alikiona chumba kile na chumba kile, akaitingisha milango, akaangalia chini ya vitanda bila kuomba ruhusa, akaonja mchuzi wa Ngazi na kusema chumvi imekuja yenyewe bila kuitwa. Walimpa kiti pekee chenye mgongo. Hakukaa sana. Alipokuwa akivaa viatu, wanne wale wamejipanga mbele yake kama wanaongoja kupimwa sare, akaona kwamba mtu akishasema kitu mbele ya watu hana budi kukifanyia kazi. Akawaambia, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, mambo ya kuepuka:

Msiliache komeo la mlango wa nyuma wazi kwa kusema tuko wengi. Wengi ndio wanaoachiana.

Msiingize jiko la mkaa ndani mkafunga madirisha, hata baridi ikiwaje.

Msigombee bafu. Aliyemo aimbe, aliye nje asibishe mara mbili.

Wavulana, msiingie chumba cha wasichana hata kama kuna panya. Wasichana, msiite.

Msimwachie mmoja vyombo.

Mkinuniana, msilale na kinyongo. Semeni, hata kwa kelele, ila si kwa kelele za kuvuka ukuta.

Msinifiche tena jambo la kuniua kwa wasiwasi. Wasiwasi nimeuzoea.

Msiseme uongo wa pili. Huu mmoja unatosha nyumba nzima.

Mtu akiwauliza habari za baba zenu, msicheke.

Na msinisindikize mpaka getini. Anayesindikizwa ni mgeni.